MTOTO NA KITABU: KUONGOZA MAZUNGUMZO YA WASOMAJI WADOGO DARASANI

Utangulizi

Kila mara walimu wanafunzi wanaporejea chuoni kutoka katika mazoezi ya kufundisha, huwa tunaketi nao na kuwauliza waliyoyaona. Miongoni mwa malalamiko yasiyokosekana ni hili: "Watoto wa siku hizi hawapendi kusoma." Tukiwadadisi zaidi hutueleza kwamba wanafunzi wao husoma kitabu cha kiada wakiamriwa, hukifunga kengele inapolia, na hawakifungui tena mpaka kipindi kifuatacho. Malalamiko hayo yana ukweli ndani yake, lakini hayajafika kwenye mzizi. Swali ambalo mwalimu hana budi kujiuliza ni hili: mtoto aliyekwisha kusoma hadithi ikamgusa moyo, anaye nani wa kumwambia?

Katika makala haya tutaeleza kwamba mapenzi ya vitabu hayakui kwa kusoma peke yake, wala hayakui kwa kuulizwa maswali ya kupimwa. Hukua pale mtoto anapopata nafasi ya kusema aliyoyawaza na kusikia waliyoyawaza wenzake. Tutaanza na kisa kilichotupata sisi wenyewe, kisha tutaeleza sababu za jambo hili, na mwisho tutaonyesha hatua ambazo mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuzifuata, hata kama darasa lake lina watoto wengi na vitabu vichache.

Kosa letu

Kabla ya kuja kufundisha chuoni tulifundisha katika shule ya msingi kijijini. Katika darasa la sita alikuwamo msichana mmoja mpole, asiyeinua mkono ovyo. Siku moja aliazima kwetu nakala ya "Adili na Nduguze", kitabu cha Shaaban Robert kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1952. Nakala yenyewe ilikuwa kuukuu, haina hata jalada. Tulidhani angeirudisha baada ya kurasa tatu, maana lugha yake si nyepesi kwa mtoto. Akakaa nayo juma zima. Alipoirudisha alisimama mbele ya meza yetu, akasema, "Mwalimu, mimi namwonea huruma Adili kuliko wale manyani."

Waliokisoma kitabu hicho watakumbuka kwamba ndugu wawili wa Adili, yaani Hasidi na Mwivu, waligeuzwa manyani kwa ubaya waliomtendea ndugu yao. Adili naye akaamriwa awachape kila usiku, akawa anafanya hivyo huku moyo ukimwuma. Maneno ya mtoto yule yalikuwa mlango uliokwisha kufunguliwa. Yeye mwenyewe, bila kufundishwa na mtu, alikuwa ameona kwamba adhabu yaweza kumwumiza anayeitoa kuliko anayeipokea. Ilitupasa tumjibu neno moja tu: "Ehe, niambie."

Hatukufanya hivyo. Tulichukua karatasi tukamwandikia maswali kumi: taja wahusika wakuu, eleza tabia ya kila mmoja, andika mafunzo matatu uliyoyapata, na mengine ya namna hiyo. Tulidhani tunamsaidia. Aliyajibu yote kwa mwandiko safi, akapata tisa katika kumi, nasi tukamsifu mbele ya wenzake. Tangu siku hiyo hadi alipomaliza shule hakuazima tena kitabu kwetu.

Ilituchukua muda mrefu kuelewa. Mtoto alituletea wazo, sisi tukamrudishia mtihani. Alichojifunza ni kwamba ukimwambia mwalimu kuwa umesoma kitabu, malipo yake ni kazi ya nyongeza. Twakieleza kisa hiki kwa kuwa twaliona kosa lile lile likirudiwa kila tunapokwenda kukagua mazoezi ya kufundisha. Tena aghalabu hufanywa na wale walio na bidii zaidi.

Kusoma kwa namna mbili

Louise Rosenblatt, mwalimu wa fasihi wa Marekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1938 kwamba maana ya hadithi haimo katika karatasi peke yake. Msomaji huja na maisha yake, nayo maandishi huja na maneno yake, na maana huzaliwa pale viwili hivyo vinapokutana. Katika kitabu kingine cha mwaka 1978 alitofautisha namna mbili za kusoma. Alitoa mfano wa mama ambaye mtoto wake amekunywa sumu, naye anasoma kibandiko cha chupa ili ajue la kufanya. Mama huyo hajali uzuri wa maneno; anatafuta habari ya kuondoka nayo. Anayesoma hadithi au shairi husoma kwa namna nyingine. Yeye huishi ndani ya yale anayoyasoma, akaogopa, akacheka, akachukia, akatumaini.

Namna zote mbili zina mahali pake shuleni. Mtoto anaposoma kuhusu mmeng'enyo wa chakula au mipaka ya nchi, yafaa aondoke na habari. Taabu huanza tunapomfundisha kusoma hadithi kama asomavyo kibandiko cha dawa. Majina ya wahusika, idadi ya ng'ombe na mji wa mfalme ni vitu vya kukariri tu. Mtoto aliyezoeshwa hivyo akishajibu maswali huona kazi imekwisha, wala hana sababu ya kukifungua kitabu kingine.

Desturi ya kujibizana

Mwalimu asidhani kwamba kuzungumza juu ya hadithi ni jambo geni lililoletwa na vitabu vya ualimu. Msimuliaji wa hadithi katika nyumba zetu haanzi mpaka aitikiwe. Husema "Paukwa!" naye husubiri "Pakawa!" Kati ya hadithi wasikilizaji huuliza, hushangaa na kukanusha, na hadithi ikiisha kila mmoja hutoa hukumu yake juu ya Sungura na Fisi. Vivyo hivyo katika ushairi. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923 na Idara ya Elimu ya Tanganyika, lilichapisha mashairi ya wasomaji, na washairi wa Kiswahili wamezoea tangu zamani kujibizana, mmoja akitoa hoja na mwingine akiijibu kwa beti zake. Mathias Mnyampala naye aliipeleka desturi hiyo ya majibizano hadi mashuleni kwa njia ya ngonjera.

Kwa hiyo mwenye kusikia hadithi kwetu hakuwa mtu wa kukaa kimya. Hadithi ilipohama kutoka kinywani kwenda kitabuni, tulichukua maneno yake lakini tukaiacha nyuma ile duara ya wasikilizaji. Mtoto akaachwa peke yake na karatasi. Mwalimu anayeweka mazungumzo ya vitabu katika darasa lake anarudisha kitu ambacho watoto wengi wamekwisha kukionja nyumbani.

Mwalimu kwanza awe msomaji

Hakuna mbinu itakayofaa ikiwa mwalimu mwenyewe hasomi. Watoto hutambua upesi kama mtu anayewasifia vitabu anavipenda au anatimiza wajibu tu. Twamshauri kila mwalimu mwanafunzi ajizoeshe mambo mawili kabla hajapangiwa shule. Kwanza, asome vitabu vya watoto na vya vijana kwa ajili yake mwenyewe, siyo kwa ajili ya andalio la somo. Pili, awaambie watoto kweli juu ya usomaji wake: kitabu kilichomkesha, kitabu alichokiacha katikati kwa kuchoshwa, na mahali asipopaelewa hata leo. Mwalimu akikiri kwamba kuna ukurasa uliomshinda, watoto hupata ruhusa ya kukiri yao.

Vitabu vichache, wasomaji wengi

Mwalimu mgeni hukata tamaa anapokuta darasa la watoto sitini na nakala tano za kitabu cha hadithi. Hata hivyo, mazungumzo hayahitaji kila mtoto awe na nakala yake. Yanahitaji kila mtoto awe ameipata hadithi. Zifuatazo ni njia tulizozijaribu na walimu wanafunzi wetu.

Ya kwanza ni kuwasomea watoto kwa sauti. Dakika kumi za mwisho wa siku, mara tatu kwa juma, zatosha kukimaliza kitabu chembamba kwa muda wa nusu muhula. Mwalimu asome taratibu, asiigize kupita kiasi, na aache pale ambapo watoto watatamani kuendelea. Nakala moja hapo huwatosha watoto wote.

Ya pili ni sanduku la vitabu. Sanduku lolote la mbao au la karatasi ngumu lafaa, likiwa na daftari la kuandikia walioazima. Watoto wenyewe wapewe zamu ya kulitunza. Kitabu kikichakaa kwa kusomwa kisihesabiwe kuwa hasara. Kitabu kipya kilichofungiwa kabatini ndicho kilichopotea.

Ya tatu ni kutengeneza vitabu vyetu. Watoto wakaulize hadithi kwa babu na bibi zao, waziandike, wazichoree picha, na karatasi zishonwe kwa uzi kuwa kitabu. Tumeona vitabu vya namna hiyo vikigombewa kuliko vile vya dukani, kwa sababu mwandishi yuko darasani na anaweza kuulizwa.

Aidha, mwalimu aulizie huduma zilizopo mkoani kwake. Bodi ya maktaba ya nchi yetu iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa Dar es Salaam mwaka 1967. Yako pia maktaba ya mikoa. Tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto umesaidia kutolewa kwa vitabu vingi vya Kiswahili vilivyoandikwa kwa ajili ya watoto wa Tanzania.

Maswali manne ya kuongozea

Aidan Chambers, mwandishi wa Uingereza aliyepata kuwa mwalimu, alitoa mwaka 1993 kitabu juu ya kuzungumza na watoto kuhusu vitabu. Maswali yake ya msingi ni manne, nayo kwa maneno yetu twaweza kuyasema hivi:

1. Ni jambo gani lililokupendeza katika hadithi hii?
2. Ni jambo gani usilolipenda?
3. Ni jambo gani lililokutatanisha?
4. Umeona mambo gani yanayojirudia au yanayofanana na mengine unayoyajua?

Mtu aweza kuyadharau maswali haya kwa wepesi wake. Lakini tazama tofauti yake na maswali kumi tuliyompa yule msichana. Yetu yalikuwa na majibu ambayo mwalimu ameyashika mkononi. Haya manne hayana jibu ambalo mwalimu analijua kabla, kwa maana hiyo mwalimu analazimika kusikiliza. Tena swali la tatu humheshimu mtoto asiyeelewa. Kutatanishwa, ambako kwa kawaida hufichwa kwa aibu, huwa mchango.

Chambers anamwonya mwalimu asiwe mwepesi wa kuuliza "Kwa nini?" Mtoto mdogo akiulizwa hivyo papo kwa papo hudhani amekosea, hujiona kama aliyeitwa kutoa ushahidi. Ni heri kusema "Tuambie zaidi" au kwa desturi yetu "Ehe!" na kungoja. Sababu itakuja yenyewe.

Mfano wa somo

Ili tusibaki katika maneno matupu, tutaeleza somo moja tulilolifundisha pamoja na walimu wanafunzi katika darasa la nne. Hadithi ilikuwa ya kima na papa, ambayo ndani yake mna kisa cha punda wa dobi. Hadithi hii ni ya zamani pwani yetu. Edward Steere aliiandika kutoka kwa wasimuliaji wa Unguja, akaichapisha London mwaka 1870. Asili yake ya mbali ni Bara Hindi, nayo hupatikana pia katika kitabu cha Kiarabu cha Kalila na Dimna.

Kwa ufupi, kima humtupia papa matunda kila siku hata wakawa marafiki. Papa anamwalika kima kwao, anambeba, na wakiwa katikati ya bahari anamweleza kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anasema kwamba makima huiacha mioyo yao mitini, basi warudi wakauchukue. Akifika pwani anapanda mti na kukataa kushuka. Papa anapomwita tena, kima anamsimulia habari za punda aliyeshawishiwa kwenda kwa simba, akaponea chupuchupu, kisha akashawishiwa mara ya pili, akarudi na kuuawa.

Kipindi cha dakika 40 tulikigawa hivi:

Hatua ya kwanza (dakika 12): Mwalimu anasoma hadithi yote kwa sauti bila kuikatiza kwa maswali.

Hatua ya pili (dakika 3): Kimya. Kila mtoto anachagua jambo moja analotaka kulisema. Anayeweza kuandika neno la kumkumbusha na aandike.

Hatua ya tatu (dakika 8): Wawili wawili. Kila mmoja anamwambia jirani yake. Hatua hii isirukwe, maana hapa watoto wote sitini wanasema. Mtoto anayekosa neno la Kiswahili husaidiwa na mwenzake bila kuonekana na darasa zima.

Hatua ya nne (dakika 14): Baraza. Madawati yakiwezekana yasogezwe. Kama haiwezekani, watoto wageukiane.

Hatua ya tano (dakika 3): Kufunga. Mwalimu anayarudia mawazo mawili matatu yaliyotolewa, akiwataja waliyoyatoa, wala hatoi hukumu.

Katika hatua ya nne yalisemwa haya, kwa kadiri tulivyoweza kuyaandika:

Mwalimu: Nani ana jambo lililompendeza?

Mtoto wa kwanza: Pale kima aliposema moyo ameuacha mtini.

Mwalimu: Ehe, tuambie.

Mtoto wa kwanza: Aliogopa, lakini hakuonyesha.

Mtoto wa pili: Mimi sikupenda. Kima amesema uongo.

Mtoto wa tatu: Papa ndiye aliyeanza! Alimwambia twende ukatembee kwetu, kumbe anataka moyo.

Mwalimu: Kuna jambo lililowatatanisha?

Mtoto wa nne: Papa angenyamaza, wangefika, angeupata moyo. Mbona alimwambia kima wangali njiani?

(Kimya kwa muda.)

Mtoto wa tano: Labda alikuwa anampenda. Alikula matunda yake siku nyingi. Alishindwa kumficha.

Hapo mwalimu mwanafunzi aliyekuwa akiongoza alitutazama sisi tuliokaa nyuma. Jibu hilo halikuwamo katika andalio lake, wala sisi hatukuwa tumeliwaza. Angeweza kusema "Vizuri sana" na kupita, au "Hapana, hadithi haisemi hivyo." Yeye aliuliza swali ambalo twawasihi wasomaji wetu walikariri: "Ni mahali gani katika hadithi panapokufanya uwaze hivyo?" Wakarudi kitabuni. Mwalimu akawasomea tena sehemu ya safari, mara hii darasa zima likisikiliza kwa makini kuliko mara ya kwanza. Wengine wakaona papa anao urafiki kidogo. Wengine wakaona ni mjinga tu. Hawakukubaliana, nayo haikuwa lazima wakubaliane.

Hili ndilo jambo kubwa la mbinu hii. Mwalimu hakubali kila neno kuwa sawa na jingine, na wala halazimishi jibu lake. Huwarudisha watoto kwenye maneno ya hadithi, nayo hadithi huwa ndiyo mwamuzi. Mtoto akisema jambo ambalo maneno ya kitabu yanalipinga, ataliona mwenyewe au ataonyeshwa na mwenzake.

Kabla ya kengele mvulana mmoja wa nyuma, ambaye tuliambiwa kwamba hasemi, alisema juu ya punda: "Punda si mjinga. Aliamini tu. Hata mimi niliwahi kurudi." Hakueleza alirudi wapi au kwa nani, na mwalimu hakumwuliza. Kwa maoni yetu alifanya vema.

Mambo ya kuepuka

Makosa yafuatayo ndiyo tunayoyaona mara kwa mara.

Kukimbilia mafunzo. Swali la "Hadithi hii inatufundisha nini?" likitangulia, huua mengine yote. Watoto wanajua majibu yanayompendeza mwalimu: tuwe wakweli, tusiwe na tamaa, tuwatii wazazi. Huyatoa upesi ili wapumzike. Mafunzo yakiwapo, yatajitokeza katika mazungumzo, tena yakiwa na nguvu zaidi kwa kuwa wameyapata wenyewe.

Kuogopa kimya. Mwalimu mgeni akiuliza swali na darasa likanyamaza kidogo, hujijibu mwenyewe. Yafaa ahesabu polepole hadi kumi. Mtoto anayefikiri hana budi kunyamaza kwanza.

Kumlazimisha mkimya. Daniel Pennac, mwalimu na mwandishi wa Ufaransa, aliorodhesha mwaka 1992 haki kumi za msomaji. Miongoni mwake ni haki ya kutokimaliza kitabu, haki ya kukisoma tena, na, mwishowe kabisa, haki ya kukaa kimya juu ya kile mtu alichokisoma. Huenda wengine wakaona kwamba haki hiyo inapingana na makala haya. Sivyo. Mazungumzo yanayolazimishwa yamekwisha kuwa mtihani. Asiyesema leo anasikiliza, na atasema siku atakayopenda.

Kuruhusu dhihaka. Mtoto akichekwa mara moja kwa wazo lake, mwalimu atakuwa amewapoteza na wengine kumi waliokuwa wakijiandaa kusema. Kanuni ya baraza iwe moja na ifahamike: twaweza kulipinga wazo, hatumcheki mwenye wazo.

Kukitumia kitabu kama adhabu. Mtoto mtundu asiambiwe akakae pembeni asome. Vilevile anayekutwa akisoma hadithi chini ya dawati wakati wa hesabu akatazwe kwa upole, kwani kosa lake ni la wakati tu, na pengine ndiye msomaji bora wa darasa.

Mitihani na maendeleo

Walimu wanafunzi hutuuliza, "Mambo haya ni mazuri, lakini muhtasari utakwisha lini?" Ni swali la haki. Hatupendekezi kipindi kipya. Twapendekeza kwamba kipindi kimoja cha Kiswahili katika kila majuma mawili kiendeshwe kwa njia hii, mbali na zile dakika kumi za kusoma kwa sauti. Ustadi wa kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kutoa sababu umo ndani yake wote, nao ni sehemu ya somo lenyewe. Mtoto aliyezoea kusema "nawaza hivi kwa sababu ya maneno yale" hupata pa kuanzia anapoandika insha.

Maendeleo hayapimwi kwa alama. Mwalimu awe na daftari dogo, aandike kila juma yale anayoyaona. Nani ameazima kitabu bila kuambiwa? Nani amesema, "Nakubaliana na fulani, lakini..."? Nani amebadili mawazo baada ya kurudi kitabuni? Nani ameuliza kama kitabu fulani kimekwisha kurudishwa? Baada ya muhula mmoja kurasa hizo zitamweleza mambo ambayo karatasi ya mtihani haiwezi kumweleza.

Hitimisho

Tumesema kwamba mtoto hupenda vitabu pale anapokuwa na mtu wa kumwambia aliyoyaona ndani yake. Tumeonyesha kuwa jambo hili linatokana na desturi yetu ya kuitikia na kujibizana, na kwamba linawezekana kwa nakala moja, kwa darasa kubwa, na kwa dakika 40. Linalotakiwa zaidi ni mwalimu aliye tayari kusikiliza jambo asilolijua.

Yule msichana wa darasa la sita sasa ni mtu mzima, na hatujapata kukutana naye. Huenda anasoma, huenda aliacha. Tungependa sana kujua alikuwa na maneno gani mengine juu ya Adili. Ndugu mwalimu mwanafunzi, katika shule utakayopangiwa atakuja mtoto mbele ya meza yako na kitabu mkononi, akiwa na neno moja tu la kusema. Usimpe karatasi. Weka kalamu chini, umtazame, useme, "Ehe, niambie."

Maswali ya kujadili

1. Kumbuka kitabu kimoja ulichokipenda ukiwa mtoto. Ulimweleza nani habari zake, naye alikujibu nini?
2. Chukua maswali ya ufahamu yaliyo mwishoni mwa hadithi mojawapo katika kitabu cha kiada. Yagawe mafungu mawili: yale ambayo mwalimu analijua jibu lake kabla, na yale asiyolijua. Fungu lipi ni kubwa?
3. Mtoto anasema jambo ambalo halipatani na maneno ya hadithi. Eleza utakavyomwongoza bila kumvunja moyo.
4. Andaa kipindi cha dakika 40 kwa hadithi inayosimuliwa mahali utokako, ukifuata hatua tano zilizoelezwa. Kifundishe mbele ya wenzako, kisha wakuambie ni mara ngapi ulijijibu mwenyewe.